Mbeba Taa wa Koko

Enzi zetu, umeme wa Kisangani ulikuwa na hiari yake. Ulitoka kwenye bwawa la mto Tshopo, karibu kiasi kwamba sisi wa komini ya Tshopo, yaani kata yenye jina la mto huo, tuliweza kwenda kwa miguu kutazama maji yakiporomoka, lakini ukaribu huo haukutupa upendeleo wowote. Ulikuja ulipotaka. Wa kizazi changu watakumbuka kelele iliyopanda mtaani umeme ukirudi, nyumba hadi nyumba, kana kwamba timu yetu imefunga bao. Watakumbuka mikate ya mafuta tuliyoinunua asubuhi ikiwa ya moto ndani ya karatasi ya gazeti, lituma ya ndizi iliyotwangwa hadi ikanata kinuni, mpira wa utomvu uliodunda kuliko akili zetu, na mistari ya shuleni kabla ya masomo, tukiimba na kucheza kwa ajili ya chama cha rais huku mwalimu akikagua ni nani anafungua mdomo bila kutoa sauti. Mimi nilitoa sauti. Niliogopa mno kukosea.

Niseme mapema, kwa sababu sijui kuandika bila kukiri: mimi ni mtu wa wasiwasi. Aya iliyo hapo juu nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika upya, kisha nikarudia ile ya kwanza. Nilikuwa hivyo tangu nikiwa na meno ya utoto. Mama alizoea kuniambia, "Feza, utafuta mpaka karatasi itoboke," na kweli ilitoboka. Nguo nilizikunja mara mbili. Njia ya kwenda shule niliikariri kichwani kabla ya kutoka kitandani, na mtu akiniita njiani nikapoteza hesabu ya hatua zangu, siku nzima iliharibika. Kwa mtoto wa namna hiyo, dunia ni pana mno na inachafuka haraka. Labda ndiyo maana siku nilipoiona dunia nyingine, ndogo, safi, iliyoenea yote ndani ya kioo cha televisheni, nilishikwa na kitu ambacho hadi leo sijakipatia jina zuri kuliko mshangao.

Dunia hiyo ililetwa na Tonton Bolamba, mdogo wake mama aliyeishi nasi, msaidizi wa maabara chuoni. Mwalimu mmoja Mbelgiji alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao, alimwachia Tonton feni, kabati lililoliwa na mchwa, na kompyuta. Tonton aliibeba hadi kwetu kwa mkokoteni, imefunikwa shuka, na watu wakasimama pembeni wakidhani ni maiti. Ilipofunuliwa sebuleni, mama aliitazama kwa muda, akauliza, "Na inapika?"

Haikupika. Iliunganishwa na televisheni yetu, na pamoja nayo kulikuwa na disketi moja tu ambayo unyevu wa Kisangani haukuiua. Nyingine zote zilikuwa zimeota ukungu. Hiyo moja Tonton aliitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya mchele mkavu. Kibandiko chake kilikuwa kimebanduka, kwa hiyo mchezo uliokuwa ndani hatukuujua jina, na hadi leo siujui. Disketi ilikubali kusomwa, ilikataa kuandikwa. Maana yake ni kwamba safari yetu haikuweza kuhifadhiwa. Kila umeme ulipokatika, kila tulipozima, tulirudi mwanzo kabisa.

Sasa nieleze mchezo wenyewe, na nitajitahidi, maana hapa ndipo ninapoogopa zaidi kuharibu. Kila mahali palionekana kutoka juu, lakini si juu ya utosi. Ilikuwa juu ya kona, kama mtu aliyekaa kwenye ukuta wa jirani akichungulia uani. Kuta mbili za nyuma zilisimama. Zile mbili za mbele zilikuwa zimeondolewa ili tuone. Sakafu ililala kwa mshazari, miraba yake ikiwa imechongoka kama maua ya kitenge. Uliona paa la kibanda, mlango wake, chungu kilichokuwa jikoni na mtu aliyesimama mlangoni, vyote kwa pamoja. Watu wenyewe walikuwa na urefu wa ukucha. Hawakuwa na nyuso. Lakini walitembea, waligeuka, walizunguka meza badala ya kupita juu yake, na ukiwasogelea na kubonyeza neno la kuongea, waliongea. Kwa Kifaransa, polepole, herufi kwa herufi.

Kwenye televisheni hiyohiyo, kila jioni kabla ya habari, tulizoea kumwona rais akishuka taratibu kutoka mawinguni, picha ya kufungulia habari. Huko juu kulikuwa kwake peke yake. Na sasa sisi, watoto wenye vumbi hadi magotini, tulikuwa tumekaa juu ya kijiji kizima tukiona kila mtu alipo. Koko ndiye aliyesema wazi.

"Ah! Tunabachungulia batu sawa Mungu."

Mama aliinuka, akafunga dirisha ili majirani wasisikie, akarudi kuketi.

Koko alikuwa bibi yetu, mama wa mama na wa Tonton, mwanamke wa Isangi aliyekulia mtoni. Kazi yake ya alasiri ilikuwa kuchambua sombe, majani ya muhogo, sebuleni, sinia mapajani, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa hapohapo, akawa mmoja wetu. Wengine tulikuwa mimi, binamu yangu Mado aliyetoka Ubundu kusoma kwetu, na Idi wa nyumba ya pili, ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Mchezo ulikuwa na wasafiri wanne waliofuatana kwa mstari, na kila mmoja wetu alichukua wake. Mimi nilichukua mwenye mkuki, aliyetangulia. Mado alichukua mwenye upinde. Idi alichukua mganga na hakuacha kutukumbusha. Wa nne hakuwa na silaha. Alibeba taa tu, na mwanga wake wa manjano ndio uliotuonyesha njia mapangoni.

"Huyu ya kwangu," Koko alisema. "Jina yake Baruti."

Hakuna aliyecheka. Baruti alikuwa mtoto wake wa kwanza, kaka yao mama na Tonton. Kabla sijazaliwa alipanda meli ya Kinshasa kwenda kutafuta kazi, na hakuna habari yake iliyowahi kurudi. Nyumbani jina hilo halikutajwa. Tonton alijifanya anarekebisha waya.

Tulicheza kwa namna ambayo nadhani waliotengeneza mchezo ule hawakuitarajia. Hatukuruhusiwa kuingia nyumba ya mtu bila kusalimu.

"Ninyi batoto! Munaingia kwa batu bila hodi?"

"Koko, iko jeu tu, muchezo," Mado alijitetea.

"Jeu ya nani? Ule mama iko napika pale. Musalimie."

Basi tukasalimu. Kila kibanda, kila mtu wa urefu wa ukucha. Mimi nilisoma Kifaransa na kumtafsiria Koko, na yeye aliitikia kwa sauti, "Eeh, asante mama, na bwana yako?" Yule mama mpishi alitulalamikia kwamba mbuzi wake amepotea. Mbuzi hakuwa na maana yoyote katika safari, lakini Koko hakutaka kusikia. Kila tulipoanza upya, tulipanda kilima, tukamtafuta mbuzi, tukamrudisha, na Koko akaridhika. Idi alikuwa anataka kulia.

"Ile mbuzi iko inapotea kila siku! Ule mama afunge kamba!"

"Na wewe, kandambili yako ilipotea mara ngapi? Nani alikurudishia?"

Ndivyo nilivyojifunza mchezo, na ndivyo nilivyojifunza kompyuta, bila mwalimu wala kitabu, kwa kubonyeza na kuogopa. Niliikariri njia kama nilivyokariri njia ya shule. Nilijua ni mraba upi una shimo na ni mlinzi yupi hugeuka kwanza. Shuleni mwalimu akiandika ubaoni, mimi nilikuwa natembea pangoni. Na kila mara nilipofika mahali papya, hata kama ni chumba chenye kitanda na mtungi, nilisahau kupumua. Kuna mtu, niliwaza, alikaa mahali fulani duniani akauweka mtungi huu kwenye kona hii, akijua labda hakuna atakayeutazama. Na sisi wa Tshopo tunautazama.

Kisha tukafika kwenye lango la chuma. Mbele yake palikuwa na jiwe. Msafiri mmoja akisimama juu ya jiwe, lango linafunguka, akishuka, linajifunga. Tulijaribu kila njia. Mwishowe tulimwita Tonton, akatazama, akakuna kidevu.

"Bon, ni logique. Mumoja anabaki, batatu banapita. Donc muchague."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Ya kwangu hapana kubaki," alisema Idi. "Iko munganga. Mukiumia nani atawaponyesha?"

"Munganga gani?" Mado alimrukia. "Hata mbu hujamuponyesha!"

"Na wewe na mishale yako inaua ukuta!"

Mimi nilinyamaza, maana jibu nilikuwa nalo na sikulipenda. Mwenye mkuki hakuweza kubaki, wala upinde, wala mganga. Asiye na silaha wala dawa alikuwa mmoja. Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo tangu dakika ya kwanza, na mgongo wangu ulijua Koko ameketi nyuma yangu. Tukabishana hadi umeme ukakatika. Kesho yake tukafika tena, tukabishana tena. Siku zikapita hivyo, na wala sikujali, kwa kuwa niliamini tuna muda wote wa dunia.

Hatukuwa nao. Tonton alipata uhamisho wa kwenda Kinshasa, na kompyuta ilikuwa yake. Angeondoka na meli, na meli, kama mnavyokumbuka, ilikuja ilipofika. Angeweza kungoja wiki au mwezi. Sisi watoto wa mtaa mzima huenda ndio peke yetu mjini tulioomba injini iharibike.

Alasiri moja tukiwa tunarudi shuleni, honi ikalia bandarini. Ndefu, nzito, ilipita juu ya mabati yote ya komini. Mado aliangusha mkoba wake. Tulikimbia.

Tonton alikuwa anafunga masanduku. "Kabla jua iingie ninaichomoa," alisema. "Lazima ikuwe bandarini leo." Umeme ulikuwepo. Tukaketi.

Sijawahi kucheza vile, na sijawahi kufanya kitu kingine chochote vile. Vidole vyangu havikukosea hata mara moja. Tulipita kijijini bila kusimama.

"Na mbuzi ya ule mama?" Koko aliuliza.

"Koko, leo hapana. Bato iko imefika bandarini."

Aliendelea kuchambua sombe. Tulipita kilima, tukapita mapango, mwanga wa manjano ukiteleza kwenye kuta, walinzi wakigeuka nilipowangoja wageuke. Tukafika langoni. Nikamsimamisha mwenye mkuki. Mkono wangu ulikuwa juu ya kibodi, hausogei. Nilitaka kuona mwisho kuliko nilivyotaka chakula. Na sikuweza kumpandisha Baruti kwenye lile jiwe.

Koko aliweka sinia chini.

"Muweke ya kwangu," alisema.

"Koko..."

"Muweke. Yeye iko na taa, hataogopa." Kisha, akiinamia kioo, akamwambia yule mtu wa urefu wa ukucha, "Ukae hapo. Hapana kutoka. Nitakuangalia."

Nikamweka. Lango likafunguka. Tukapita watatu, picha ikabadilika, na Baruti akatoweka pamoja na chumba chake.

Upande wa pili kulikuwa na giza. Bila taa tuliona mraba tuliokanyaga na ule wa mbele yake, basi. Mimi niliyekuwa najua kila jiwe la dunia ile sikujua tena chochote. Nilitembea kwa kubahatisha, Mado akinong'ona "kushoto, kushoto," Idi akimponya mwenye mkuki kila alipojigonga, na hakuna aliyemcheka. Chumba baada ya chumba cheusi. Mara miguu ikakanyaga ngazi, tukapanda, na kioo kikawa cheupe.

Kompyuta za wakati ule zilichora picha kubwa taratibu, mstari kwa mstari, kuanzia juu. Kwanza ikaja mbingu ya asubuhi. Halafu vilima. Tulikuwa tumetokea kwenye ukingo wa jabali, na chini yetu, kwa mshazari uleule, ikaanza kujitandaza nchi nzima tuliyoipita. Kile kilima cha mbuzi. Vile vibanda, vidogo kama punje za mchele, na moshi wa mama mpishi. Daraja. Mdomo wa pango. Kila mahali tulipokuwa tumepaona kwa vipande, chumba kimoja kimoja, miezi yote ile, palikuwa mahali pamoja, palikuwa pameshikana, na pote palikuwa pakitungoja tufike juu ndipo paonekane. Mlangoni Tonton alisimama na kamba mkononi. Sikumsikia alipofika.

Mistari ya mwisho ilichorwa chini kabisa ya kioo. Lango. Na mbele ya lango, nukta moja ya manjano.

Koko alisimama. Majani ya sombe yalimwagika miguuni mwake.

"Iko pale! Angalieni! Iko amesimama!"

Aliligusa lile doa kwa kidole. Lilikuwa dogo kuliko ncha ya ukucha wake.

"Alibaki pale pale nilimuambia," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Kulia kwetu palikuwa na mlango wenye mwanga na ngazi fupi. Huo ndio ulikuwa mwisho. Hata mtoto angejua. Idi alinipiga bega. "Feza, panda! Bato itaenda!" Na mimi nilitaka kupanda. Sitawadanganya, nilitaka lile neno la mwisho liandikwe kwenye kioo, nilitaka kitu kimoja maishani kiwe kimekamilika bila doa. Nilimtazama Koko. Hakuamuru. Alikuwa bado ameshika kioo.

Mado ndiye aliyesema, taratibu, "Turudi tumuchukue."

Nikamgeukia Tonton. Jua lilikuwa limeshaanguka dirishani. Yeye aliyejifanya anarekebisha waya jina la kaka yake lilipotajwa, aliketi juu ya sanduku, akaiweka kamba mapajani.

"Murudi," alisema. "Ninangoja."

Tukarudi. Ngazi, giza, chumba baada ya chumba, safari hii nikiikumbuka njia kwa miguu. Tulipotokea langoni alikuwa juu ya jiwe lake, taa mkononi, ameelekea upande tulioondokea. Tulipomfikia alishuka, lango likajifunga nyuma yetu, akaingia mwishoni mwa mstari, na mwanga ukatandaa chumba kizima. Koko alitoa pumzi ndefu. Idi alisema, "Sasa hata mbuzi tunaweza kurudisha," na tukacheka mno, na baadhi yetu tulikuwa tunalia. Tonton alibonyeza swichi mwenyewe. Picha ikajikunja ikawa nukta, nukta ikazimika.

Bandarini, kabla hajapanda, Koko alimshika Tonton kwa mikono miwili. Nilikuwa kando yao, nilisikia.

"Ukifika kule, panda juu ya nyumba murefu. Hapana kuangalia chini ya miguu. Angalia ya upande, kwa kona, sawa ile yetu. Utamuona."

"Ndiyo, mama," alisema Tonton, na hakutabasamu.

Mwisho wa mchezo ule sikuuona. Baadaye, ukubwani, nilipata kompyuta yangu, nikajifunza peke yangu kama zamani, nikatafuta michezo mingine ya mtazamo ule. Ile mashuhuri kila mtu anaijua. Mimi huvutwa na ile isiyojulikana, iliyotengenezwa na watu wachache, ambayo ukikwama hakuna wa kumuuliza, na kila mtungi uko mahali pake kwa sababu kuna mtu aliupenda. Watoto wa dada yangu hunicheka. Wao huruka maneno yote, hawamsalimu hata mtu mmoja, na wakikwama kwa muda wa kupiga chafya hutoa simu waonyeshwe njia. Wanamaliza michezo mingi sana. Nikiwauliza waliona nini, wanasema, "Tante, tulishinda."

Simu hizo zina ramani pia, picha za miji zilizopigwa kutoka angani. Mara nyingine naifungua Kinshasa, naitazama kutoka juu. Ni maajabu, najua, na watu wa enzi zetu tungeanguka kifudifudi. Lakini inatazama utosini. Unaona mabati, barabara, mabati. Huoni milango. Humwoni aliyesimama mlangoni.

Koko ameshatutoka, na Baruti hakuonekana. Miaka mingi baada ya siku ile nilimtembelea Tonton, mzee sasa, nikamuuliza kama alikumbuka alichoambiwa bandarini. Akasema kwamba wiki ya kwanza tu alifanya urafiki na mlinzi wa jengo moja refu la mjini, na Jumapili moja mlinzi akamruhusu apande hadi juu. Alisimama kwenye kona ya paa, akatazama kwa upande, kama alivyoagizwa, akaona kuta na milango na watu wadogo wakizunguka meza za soko badala ya kupita juu yake.

"Nilikaa mpaka bakawasha taa," aliniambia. "Feza, zilikuwa mingi."